Chungu cha Midomo Miwili

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya vyungu vya Meksiko, vimechorwa ndege na maua. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Bariadi, harufu ya samadi ikiungua, na bibi akipaka udongo mwekundu kwenye chungu kidogo chenye midomo miwili.

“Mdomo huu wako,” alisema.

“Na huu?”

“Wa ndugu yako.”

Nilidhani ndugu huyo yuko machungani. Bibi alipokijaza maji nilikunywa nusu, kisha nikakaa mlangoni kuwasikiliza ng'ombe wakirudi.

Sasa najua kwamba tulizaliwa wawili, na chungu kile hufinyangwa pacha mmoja akifa. Siku ile nilijua tu kwamba amechelewa, na kwamba maji yaliyobaki ni yake.