Kuku wa Kupaka

Mke wangu alilikariri jina la chakula kile wiki nzima kabla hatujakionja. Hoteli mpya ilikuwa imefunguliwa hapa Garissa, upande wa kwenda darajani, na mpishi wake alikuwa ametoka Mombasa. Mlangoni walitundika ubao wenye majina ya vyakula. Mke wangu aliusoma herufi moja moja alipokuwa akitoka sokoni, kwa sababu kusoma amejifunzia ukubwani, kwenye ngumbaru. Akaja kuniambia, "Jumamosi unipeleke. Na nitaagiza mwenyewe."

Nyumbani tunaongea Kisomali. Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa wateja wanaonunua vitambaa kibandani kwake, tena kidogo kidogo. Lakini safari hii alikuwa na jambo. Jumatatu kulikuwa na mkutano wa wazazi katika shule ya binti yetu, na mwalimu wa darasa hajui Kisomali. Kila muhula nilisema mimi, yeye akikaa pembeni ameshika mkoba wake. Sasa alikuwa na swali, na alitaka kuliuliza kwa mdomo wake.

"Nikiweza kwa mhudumu," alisema, "nitaweza kwa mwalimu."

Sikumwuliza ni swali gani. Nilidhani ni mambo ya sare.

Jumamosi tukaenda baada ya Maghrib. Alivaa diraa yake ya rangi ya zambarau, ile ya harusi za watu. Tukapewa kijumba cha familia, vile vyumba vidogo vyenye pazia, na ng'ambo ya ubao mwembamba kulikuwa na wanaume wanacheka na kugonga vikombe. Niliitambua sauti ya mmoja wao. Tunafanya kazi ofisi moja. Hapo ndipo uungwana wangu ulipoanza kunitoka, kabla hata chakula hakijaagizwa.

Mhudumu alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui, kalamu sikioni. Mke wangu akakaa wima, akamwita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, habari ya jioni. Mimi nataka kuku ya kubaka, na wali ya nazi. Na limau, fibande mbili."

Yule mama akainua macho. "Kuku wa...?"

Mke wangu akadhani hakusikika. Akarudia kwa sauti ya mtu aliyejiandaa wiki nzima. "Ya kubaka!"

Kwa P ni chakula. Kwa B, neno lile ni la mahakamani. Mhudumu hakucheka, Mungu ambariki. Alisema tu, "Kuku wa kupaka, mama, nimeelewa," akaandika. Waliocheka ni wale wa ng'ambo ya ubao, kicheko cha kupiga meza.

Nami nikacheka. Nikacheka kwa sauti, ili kicheko changu kisikike huko waliko, wajue niko upande gani. Kisha nikamwambia mhudumu, kwa kile Kiswahili changu kinachosifiwa na wageni ofisini, "Msamehe bure huyu, ametoka Elwak na mbuzi."

Mhudumu alinitazama mimi, si yeye. Akaondoka.

Elwak na mbuzi! Nimetoka Kutulo mimi, jirani na huko huko Elwak, na mbuzi hao hao. Nyani haoni kundule. Nilipopelekwa shule ya bweni Machakos nikiwa na miaka kumi na miwili, niliomba "benseli" mbele ya darasa na wakaniita Benseli mpaka nilipomaliza. Kisomali hakina P. Mdomo wetu huitafuta na kuambulia B. Niliipata kwa karatasi. Unaishika mbele ya midomo, unasema pa, pe, pi, ikiruka, umeipata. Muhula mzima nilijifungia chooni na karatasi yangu. Mke wangu nimeishi naye miaka kumi na minne na sijamwonyesha ujanja huo hata siku moja, maana ningelazimika kumwambia nilikoutoa. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo.

Kuku akaja amezama kwenye mchuzi wa nazi, na ndizi pembeni ya wali, kama tunavyopenda sisi. Mke wangu alikula matonge matatu. Ndizi hakuigusa. Nikamwuliza kama chakula ni kitamu, akasema, "Alhamdulillahi," akanawa mkono.

Njiani akaniuliza, "Nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Watu hawachekei kitu ambacho hakikusemwa."

Ikabidi nimwambie maana yake. Akavuta shela, akafunika mdomo. Nilingoja anitukane. Tungegombana, yangekwisha. Hatua chache mbele akauliza tena, "Na ile ya mbuzi? Hiyo niliisikia vizuri." Nilisema nilikuwa natania, na hata mimi sikujiamini.

Jumapili yote niliongea mimi. Nilichemsha chai, nilimletea maziwa ya ngamia asubuhi, nikamwambia Kiswahili chake kimeendelea sana. Akasema, "Haye," yaani sawa, akaendelea kukunja vitambaa. Neno samahani lilikuwa kooni, na nililiacha huko huko, nikijidanganya kwamba maziwa yameshalisema.

Jumatatu tukaketi kwenye viti vya watoto, magoti juu. Mwalimu alipomaliza habari za binti yetu, ambaye anafanya vizuri, akamgeukia mke wangu. "Mama, leo mtoto ameniambia una swali."

Mkononi mke wangu alikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari lake la ngumbaru, umejaa maandishi makubwa ya penseli, mengine yamefutwa na kuandikwa upya. Aliutazama. Midomo ikafunguka, nikaiona ikijiandaa, kisha akanitupia jicho na ikafungika.

Akaniambia kwa Kisomali, taratibu, "Sema wewe. Wewe hukutoka na mbuzi."

Nikasimama. Wazazi wakageuka, mwalimu akangoja. Kiswahili kilikuwepo chote, P zote zimekaa mahali pake, na sikuwa na la kusema, kwa sababu swali lilikuwa lake na sikuwahi kumwuliza ni lipi.

"Hatuna swali, mwalimu," nikasema. "Asante."

Nilipoketi, mke wangu alikuwa anaukunja ukurasa ule, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akautia mkobani, akafunga zipu. Mpaka leo sijausoma.