Nimenasa kwenye gari la mbio

Jamani, kabla sijafa naungama: nimenunua gari.

Si la kunipeleka kliniki. Ni lile dogo la mbio, lililotumika sana, lenye ekzosi ya kutimua kuku wa jirani.

Muuzaji amelileta leo hapa Buhongwa, binti yangu Neema akiwa kazini.

"Mzee, nisikufiche. Limeshatembea kilometa laki tatu."

"Hata mimi nimetembea, mjukuu wangu. Nisaidie kuingia."

Akanisaidia, tukamalizana, akapanda bodaboda akaenda zake.

Nikaliwasha, nikalingurumisha kidogo. Raha!

Kisha nikataka kutoka.

Kiti kiko chini kama mkeka. Magoti yakagoma. Mkongojo niliuacha barazani.

Majirani wakawa wanapita. Kila mmoja anainama dirishani: "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Napunga upepo tu."

Ningesemaje? Nusu yao niliwafundisha, wengine niliwachapa. Na nani angethubutu kumvuta mwalimu wake mikono bila kuombwa?

Jioni Neema akarudi.

"Baba! Si asubuhi ulisema huna nguvu hata za kumaliza uji?"

"Nilisema kweli, mama. Ndiyo maana bado nimo humu."

Alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaingia upande wa pili ili anisukume kutokea ndani. Neema naye si mwembamba.

Sasa tumenasa wawili.

Mlio karibu, njooni mtuvute. Shikamoo zenu tutazipokea tukishatoka.