Nukta Nyekundu na Jicho la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuja dukani kwangu Vulamba amevaa kiraia, na mkononi ana soksi iliyofungwa kitu ndani. Mimi natengeneza miwani hapa Butembo: nabadilisha vioo, nakaza vijiskrubu, napima macho ya wale wasiotaka kupanga mstari hospitalini. Yeye ni mwanajeshi upande wa Beni. Alifunga mlango kabla ya kunisalimu.

Ndani ya soksi mlikuwa na vyombo viwili vya bunduki. Kimoja ni darubini fupi, ya kukuza kidogo tu, kuanzia mara moja hadi mara nne. Kingine ni kioo kidogo kisichokuza chochote. Ukitazama ndani unaona nukta nyekundu inaelea, na pale ilipo nukta ndipo risasi itakapokwenda. Vyote viwili hufungwa kwenye bunduki moja. Darubini hukaa juu, kwa mambo ya mbali. Kioo cha nukta hukaa ubavuni, na mtu akiinamisha bunduki kidogo anakipata, kwa mambo ya karibu. Kikosi chao kizima kilikuwa na bunduki moja tu ya namna hiyo, na walimpa yeye kwa sababu ya shabaha yake.

"Yaya, hii point imeharibika," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Inapasuka sawa maua. Bakijua, batasema ni mimi njo niliivunja."

Nilitazama. Nukta ilikuwa ya mviringo, safi. Nikampa, nikamwambia atazame huku akikizungusha kioo polepole, kisha aniambie kama lile ua linazunguka pamoja nacho. Alizungusha mpaka kioo kikapinduka juu chini. Ua lilibaki vilevile, limelalia upande uleule.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja wangu, bila haraka. Kama doa lingekuwa kwenye kioo, lingezunguka na kioo. Halikuzunguka, basi liko kwenye jicho. Jicho lako halikukaa mviringo kamili, nikamwambia, limejikunja kidogo kama yai, na mwanga mdogo mkali ukiingia humo unatawanyika. Si ugonjwa wa kuogopa. Watu wengi wanao na wanaishi nao hadi uzee. Darubini ilimwia rahisi zaidi, maana ina pete ya kurekebisha upande wa jicho. Aliizungusha akasema anaona hata misumari kwenye bati la jirani.

Nilimtengenezea miwani siku ileile. Alivaa, akaiona nukta imekuwa nukta, akacheka. Kisha akaivua. Alisema msituni mvua na jasho vitaitia ukungu, na wenzake wataanza kumwita Docteur. Lakini nilijua hofu yake yenyewe. Kamanda akisikia habari ya macho, bunduki ingepewa mwingine. Akaniomba nisimwandikie mtu yeyote karatasi.

Nilijua pia uzito wa jambo lile. Kule Eringeti, alikopangwa, waasi wauaji na wakulima hutoka kwenye msitu mmoja, na wote wana panga. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kuwalinda wakulima wanaovuna kakao, na ulinzi wote ulikuwa katika jambo moja: kuwatofautisha. Ua jekundu linaweza kumfunika mtu uso, mikono na alichobeba.

Sikuandika karatasi. Nilifanya kile ninachokiweza, nikafundisha. Punguza mwanga wa nukta, nikamwambia, ua litasinyaa. Fungua macho yote mawili, mtazame mtu, usiitazame nukta. Kitu cha mbali usichokijua, kitambue kwanza kwa darubini. Cha karibu, tumia nukta. Alinirudishia somo lote neno kwa neno, nami nikampiga begani, nikamwambia amekuwa mwanafunzi wangu bora. Nilifurahi kweli.

Mwezi uliofuata doria yao ilitoka kwenye kivuli cha msitu ikaingia pembeni ya shamba, jua la mchana likiwa kali. Kwenye jua lile nukta iliyopunguzwa haionekani, kwa hiyo aliongeza mwanga. Mtu akatokea kwenye miti, karibu sana, ameinama, na kitu kikubwa mgongoni. Alikuwa mwanaume aliyebeba mzigo wa kuni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wetu. Wanaume kwetu hawabebi hivyo. Yeye alibeba kwa sababu mke wake alikuwa na mimba kubwa. Mdogo wangu alifuata somo: karibu, nukta. Akafyatua. Nilimfundisha la kufanya na kitu cha mbali asichokijua. Cha karibu asichokijua, sikumwambia chochote. Halikunijia.

Wakubwa wake waliita ajali ya doria, wakamhamishia kambi nyingine. Mimi hanipigii tena simu.

Baba na wajomba walikwenda Eringeti na mbuzi kuomba msamaha, nami nikafuatana nao. Kwenye shughuli kama hiyo wanaume wazima ndio husema. Walikaa uani na ndugu za marehemu. Sisi wanawake tukaenda jikoni kumenya ndizi. Mjane alikuwa pale, ananyonyesha mtoto wa siku chache. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu. Halafu nikamweleza yote, taratibu, mpaka ile soksi, kwa sababu sijui namna nyingine ya kusema jambo. Nikamwambia nataka kutoka nje niwaambie na wale wanaume.

Alitazama mlango wa kwenda uani.

"Hapana," alisema. "Ukisema kule inje, bandugu ya bwana yangu habatakamata tena hii mbuzi. Batatafuta ndugu yako, na benu batakuja kutafuta bao. Mimi niko na batoto ine. Unyamaze, mama."

Nikamwuliza, na yeye je?

Alimhamishia mtoto titi la pili. "Mimi nimeisha kujua," alisema. "Menya ndizi."

Tulimenya mpaka beseni likajaa. Kule uani nilimsikia baba akishukuru.