Siku ya Kufunga Kambi

Mwalimu Osea Mwashiuya nilimfahamu kwa sababu ya mashine yangu ya kupiga chapa. Mume wangu alikuwa na lori, mimi nina duka la vifaa vya shule pale Mlowo, na mwaka 1997 Osea akaniletea daftari sita akitaka nimpigie chapa. Hatimaye nilizipiga mara tatu. Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani.

Alikuwa akifundisha darasa la tatu. Mtu wa Mbozi hasa, mwenye mke, Ketrina, shamba la kahawa, na binti mmoja, Rozi. Juni ya 1996, shule zilipofungwa, alikuja mtu sokoni akitafuta karani wa kuandika majina na zamu kwenye kambi ya wachimba dhahabu kule bonde la Songwe. Wiki nne tu, alisema, shule zikifunguliwa utakuwa umerudi. Osea alitaka kuezeka bati nyumba yake. Akapanda lori pamoja na wanaume wengine, na begini mwake kulikuwa na kitabu cha hadithi alichomnunulia Rozi, akasahau kukitoa.

Lori lilipowashusha na kugeuza, walivuliwa viatu wote. Kambi ilizungushiwa boma la miiba. Ndani kulikuwa na wanaume ishirini na wawili, mashimo ya kuchimbia ambayo wenyewe huyaita maduara, na walinzi sita wenye mapanga, magobore na mbwa. Mkuu wa walinzi aliitwa Deus, lakini watu walimwita Nyapara. Hakukuwa na kazi ya ukarani. Osea alipewa nyundo ya kupasulia mawe kama wengine.

Siku ya pili kijana mmoja wa Kindali, Danieli, alisema hii siyo kazi aliyoahidiwa, anaomba kurudi kwao. Nyapara hakumgombeza. Aliwaambia walinzi wamlaze, mguu mmoja ukawekwa juu ya jiwe, na kifundo kikapigwa nyundo. Halafu wa pili. Toka hapo Danieli alipasua mawe akiwa amekaa, na alitambaa kwenda chooni.

Wiki ya kwanza walinzi walipekua mizigo kutafuta dhahabu iliyofichwa. Wakakuta kile kitabu. Kilikuwa na picha ya mahema na watoto juu ya jalada. Nyapara akakigeuzageuza.

"Cha nani hiki?"

"Changu. Cha binti yangu."

"Unaweza kukisoma?"

"Mimi ni mwalimu."

"Basi Jumapili utatusomea."

Jumapili baada ya chakula cha mchana waliketishwa wote chini ya turubai, na Osea akasoma. Ilikuwa hadithi ya watoto watano wa mjini waliopelekwa kambi ya likizo kando ya ziwa. Wanaogelea, wanaimba wakizunguka moto, wanamkamata mwizi wa mbuzi. Nyapara alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa akimkatiza kuuliza mambo madogo madogo.

"Asubuhi walikula nini?"

"Mkate na chai ya maziwa."

"Kila siku?"

"Kila siku, kitabu kinasema."

Waliokuwa wakisikiliza walikula ugali na dagaa mara moja kwa siku. Lakini Osea ameandika kwamba hata wao waliingojea Jumapili. Kwa saa moja hakuna aliyepigwa.

Jumapili ya tatu alifika ukurasa wa mwisho. Akasoma: "Siku ya kufunga kambi watoto wote walilia. Walimwomba mwalimu wao wabaki japo wiki moja zaidi."

Kisha Boazi akacheka.

Boazi Siwale alikuwa mkulima kutoka upande wa Chitete, mtu mrefu, mpole, aliyelala ubavuni mwa Osea. Alijaribu kujizuia kwa kuziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Aliyekuwa karibu naye akaambukizwa, kisha mwingine, hata Danieli na miguu yake ile. Hata Osea, kitabu mkononi, alicheka mpaka herufi hazionekani.

"Kinachochekesha nini?" Nyapara akauliza.

"Hawa watoto, mkubwa," Boazi alisema, machozi yakimtoka. "Wanalilia kubaki."

Nyapara alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta jambo alilosahau. Akainuka, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa kwenye nguzo, akampiga nao utosini. Boazi aliketi vilevile, kicheko hakijamwisha usoni. Pigo la pili lilimwangusha. Baada ya hapo Nyapara alipiga kifua, akapiga uso, akapiga mahali ambapo hapakuwa tena na uso, na hakuna aliyesogea kwa sababu magobore yalikuwa yamewaelekea. Alipochoka aliketi pale pale alipokuwa mwanzo.

"Malizia," alimwambia Osea.

Ilikuwa imebaki mistari minne. Osea akaisoma. Damu ilikuwa imerukia ukurasa, lakini maneno yalionekana.

Boazi alitupwa kwenye duara lililokwisha mawe, na waliomfukia walikuwa wachimbaji wenzake.

Siku tisa baadaye Osea alipelekwa mtoni kuchota maji na mlinzi mmoja. Mlinzi alipoinama kunywa, Osea alimpiga jiwe kwenye panja. Mtu akaangukia maji kifudifudi. Osea hakumwinua, wala hakungoja kuona kama atajiinua. Alikimbia siku mbili pekupeku, akafika barabara ya vumbi nyayo zikiwa zimechanika, na lori la mahindi likambeba mpaka Mlowo.

Alikwenda na polisi kule bondeni baada ya siku chache. Walikuta majivu, vipande vya turubai na maduara yaliyofukiwa. Walifukua mawili wakamkuta Boazi, na juu yake Danieli. Wengine hawakujulikana walipopelekwa.

Ndipo akaandika. Kabla sijamaliza kupiga chapa mara ya kwanza, aliniambia anataka kwenda Chitete kumsomea mke wa Boazi, Sekela, sehemu inayomhusu. Nilimsindikiza, kwa kuwa aliogopa kwenda peke yake.

Alimsomea uani, mama wa watu ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Kwenye daftari Osea alikuwa ameandika kwamba Boazi alimrukia Nyapara ili kumwokoa Danieli. Sekela alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, huyo mtu simjui," alisema. "Mume wangu hakuwa mgomvi. Niambie alikufaje."

Osea akamwambia. Alimwambia kitabu, mkate na chai, watoto wanaolia, kicheko. Alipofika kwenye mtaimbo Sekela alisimama, akampiga kofi, akampiga la pili, mdomo ukatoka damu. Nilishika mikono yake. Osea hakujikinga.

"Wewe ndiye uliyekisoma," Sekela alisema.

"Mimi ndiye niliyekisoma."

Sekela aliketi tena juu ya kinu. "Alikuwa anacheka hata kanisani," akasema. "Nilikuwa namfinya. Andika alicheka."

Hiyo ikawa mara ya pili kupiga chapa.

Ya tatu ni hii. Mwaka 2007 Osea alikuwa amekwenda Mpemba kufuata mbolea. Kwenye yadi ya malori, mlinzi wa getini akamwita, "Mwalimu!" Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Osea hakumtambua mpaka alipotabasamu.

"Kile kitabu bado unacho?" Deus, yule Nyapara wa kambini, alimuuliza. "Nina mtoto darasa la tatu. Angekipenda."

Kando ya geti kulikuwa na spana kubwa ya magurudumu. Osea aliishika, akampiga nayo mdomoni, kisha jichoni. Deus alipoanguka akampiga magoti yote mawili. Madereva wanne walimkamata akiwa bado anapiga. Deus alipoteza jicho na hakutembea sawasawa tena. Mahakamani Osea alimtaja kwa yote aliyoyafanya kambini, ila mashahidi wengine hakuwa nao, na Deus aliapa hajawahi kufika Songwe. Osea alifungwa miaka miwili.

Alitoka amekonda, ualimu umekwisha. Alikuja dukani na kurasa saba alizoziandika gerezani kwa penseli. Nilizisoma nikamwambia, "Mwalimu, hapa unaposema ulifurahi kusikia mfupa ukivunjika, tuparuke. Watu watakuona sawa na yeye."

"Nilifurahi, Mama Yassir," alisema. "Piga chapa hivyo hivyo."

Nikapiga. Tulitoa nakala ishirini. Sekela alichukua mbili, za wanawe. Osea alirudi kwenye kahawa yake, na kwa watoto wa jirani hakukubali tena kusoma hadithi kwa sauti, hata walipomletea kitabu mlangoni. Ketrina hajaigusa nakala yao mpaka leo. Anasema yaliyomo anayasikia mumewe akiwa usingizini.