Moto wa Kilio Nyuma ya Kanisa la Matofali

Nikiikumbuka siku ile, wanangu, cha kwanza kunijia ni moshi. Juzi ninyi vijana mlipokuwa mkisafisha stoo ya kanisa letu hapa mtaani Malvern, mliniuliza kama lile gogo lililoungua upande mmoja litupwe au libaki. Mliniuliza kwa Kiingereza. Najibu kwa Kiswahili, mtasaidiana. Nimechelewa kujibu. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliiacha darasa la sita, na kila nikianza naogopa nisije nikajipendelea. Vumilieni.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana, napakia maboksi katika ghala moja mtaa wa Downsview, upande mwingine wa jiji hili la ugenini. Sisi watu wa Kivu na Burundi hatukuwa na kanisa letu. Tulisali alasiri katika kanisa dogo la matofali mekundu, la wazungu wazee wachache waliosali asubuhi. Pale zamani palikuwa kijiji cha walowezi, chenye kinu, mhunzi na makaburi yake. Jiji likaja likakimeza, likabakiza kanisa katikati ya maghala. Wale wazee walikuwa wamechoka. Baada ya Krismasi walikuwa waamue kama watatuachia sisi kanisa, au wataliuza. Nguo ya kuazima haisitiri, na sisi tulilijua hilo. Hata watoto tuliwakataza kukimbia mle ndani.

Novemba ikaja simu kutoka Bukavu. Kaka yake Mama Furaha, kiongozi wa kina mama wetu, ameuawa vitani. Kwetu, msibani, wanawake hukaa ndani kwenye mikeka, wanaume hukaa nje, na moto hauzimwi mpaka matanga yaondolewe. Lakini ukikaa ghorofani Downsview, moto wa kilio utauwasha wapi? Papa Yakobo, mzee wetu wa kanisa, akamwomba Bibi Edna, aliyeshika funguo upande wa wazungu. Akakubali tuwashe ndani ya pipa la chuma, nyuma ya kanisa. Alisema tu kwamba mfiwa asiachwe kwenye baridi.

Basi moto tukauombea ruhusa. Kuni hakuna aliyezifikiria.

Rafiki yangu Safari, mtu wa mzaha, akaingia banda la nyuma akatoka na magogo meusi ya zamani, yaliyochongwa pande nne kwa shoka. "Haya, ndugu zangu," akasema, "Mungu ametupa kuni kavu kuliko mahubiri ya pasteri." Tukacheka, hata msibani watu hucheka. Sikuyabeba mimi, nasema kweli. Lakini moto wake niliuota, na mikono niliinyoosha mapema.

Mchana Bibi Edna akaja na birika la chai kwa ajili ya wafiwa. Akatazama pipa, akatazama banda lililo wazi. Hakupaza sauti. Aliweka birika chini kwenye theluji, akamwambia Papa Yakobo polepole kwamba zile zilikuwa kuta za kanisa la kwanza, kabla ya matofali. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wa waliozichonga. Walisali humo upepo ukipita kwenye nyufa, na watoto wao waliokufa wakawazika hapo kando. Kanisa hilo lilipobomolewa, yakahifadhiwa magogo machache, na kila mwaka walisema watayafanyia kitu.

Safari akanung'unika kwa Kiswahili, "Kama yana thamani, mbona yamelala na panya?" Kisha akaongeza, "Na hao babu zake, nchi hii waliikuta na wenyewe. Walipoukata msitu, walimwuliza nani?"

Wanangu, swali lile lilikuwa la haki. Papa Yakobo naye hakulipuuza. Alikohoa moshi kwanza.

"Hawakuuliza," akasema. "Hilo unalijua, na wewe bado hukuuliza. Sasa wewe na wao mmepishana nini?"

"Papa, mimi nyumba yangu waliichoma."

"Najua, mwanangu. Nao walioichoma waliiona kuni tu."

Safari akakaa chini. Papa Yakobo akachukua sepetu, akalivuta gogo moja nje ya pipa, akalivingirisha kwenye theluji mpaka likanyamaza. Akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa Bibi Edna, akaomba radhi kwa Kiingereza chake kidogo. Bibi akauliza, je, yaliyobaki yakitolewa, moto utazima? Papa akasema utazima. "Basi yaacheni," akasema Bibi, akarudi ndani bila birika lake.

Mwaka mpya wale wazee wakaamua kuuza. Bibi Edna alimwambia Papa kwamba yeye alisimama upande wetu. Je, sababu ilikuwa yale magogo? Wengine walisema ndiyo. Safari anasema hapana, wazee walikuwa wachache, paa linavuja, boila ya kupasha joto imekufa. Huenda ana haki. Majuto ni mjukuu, lakini nisimzulie mtu mjukuu asiye wake. Najua tu kwamba tangu hapo tumehama sana, chumba cha chini cha shule, ukumbi wa kukodi, ghala, mpaka hapa.

Siku ya kurudisha funguo, Bibi alimpa Papa Yakobo lile gogo. Alisema kwake hakubaki mtu atakayejua ni nini.

Sasa nasaha yangu, ni fupi. Ugenini, kitu ulichokikuta kimetupwa kando usidhani hakina mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na aliyekutangulia akikosea, kosa lake lisiwe njia yako ya kupitia. Sisi tuliuliza habari ya moto, hatukuuliza habari ya kuni. Ninyi mmeuliza kabla ya kutupa, mmeshatupita.

Gogo libaki. Lisogezeni tu, lisilowe maji.

Mungu awape nyumba ya sala ambayo hamtaihama, na yeyote atakayeingia baada yenu amkute ndani mtu wa kumwuliza.