Koti la Beni, Miguu Yangu

Siku ile bado naiona, mwanangu. Ukungu umeishika Makambako mpaka malori yanapita na taa asubuhi, na mimi niko juu ya ngazi za ghala nimevaa koti la mtu mwingine. Usicheke. Najua mnaniita mzee na wala sijafika arobaini, lakini kwenye mchezo huu wa ubao wa magurudumu, aliyeanza kabla yenu ni mzee, basi. Umeniuliza mdhamini anapatikanaje. Kaa hapo nikwambie, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza.

Enzi hizo tuliojulikana tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa naruka. Beni, rafiki yangu kutoka Uwemba, alikuwa anachekesha. Alikuwa akianguka anajirekodi, anaisemesha simu utadhani anagombana na dada yake, na watu mtandaoni walimpenda kupita kiasi. Mimi niliona ni mambo ya kitoto. Nilijiambia fundi ataonekana tu. Ataonekana wapi, na mwenyewe nimejificha? Sikujiuliza.

Basi akatokea Mzee Shabani, muuza viatu wa pale Makambako. Alitaka kijana mmoja avae viatu vyake, naye Shabani angemlipia kijana huyo safari ya mashindano Dar es Salaam. Ile safari niliitaka mno! Nilikuwa sijawahi kukanyaga uwanja wa kweli wa mchezo wetu, wenye sakafu laini. Shabani akamchagua Beni, kwa sababu ana wafuasi. Sharti likawa moja tu: apeleke video akiruka ngazi za ghala na viatu vile miguuni.

Beni hakuziweza zile ngazi hata kidogo. Akaja kunibembeleza. Unaijua baridi yetu, mtu ukishavaa koti zito, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na skafu mdomoni, hata mama yako anakupita njiani. Nikavaa vya Beni, nikaruka, nikatua salama. Yeye akanirekodi nikiruka, kisha akajirekodi uso wa mwanzoni na wa mwishoni, akaunganisha. Nilikubali kwa urafiki, na pia kwa ujanja wangu wa kijinga: nilidhani Shabani akishafurahi, nami nitaingia kuomba nafasi ya pili.

Nikaenda kweli. Akaniuliza naweza nini. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba naruka zile ngazi za ghala. Shabani akacheka, akatoa simu, akanionyesha mimi mwenyewe.

"Hizi? Mbona Beni anaziruka, kijana wangu, tena ana watu wanaomtazama. Wewe una nini cha zaidi?"

Nikisema ukweli namwumbua rafiki, nikinyamaza najizika mwenyewe. Nikatoka dukani macho yananiwasha kwa hasira.

Nikaenda kwa shangazi yangu, aliyekuwa anauza viazi sokoni, nikitegemea kuonewa huruma. Thubutu! Pale kwake kila mkulima alishona mdomo wa gunia lake kwa kamba ya rangi yake, ili viazi vikioza ajulikane wa kupigiwa kelele, na vikiwa vizuri ajulikane wa kurudiwa. Alinisikiliza huku anachambua viazi, wala hakuinua kichwa.

"Umeshona gunia lako kwa kamba ya Beni, halafu unamnunia Shabani?" akasema. "Shabani anauza viatu, anamtaka mtu anayetazamwa. Kosa lake nini? Na huyo mwenzako siku akiambiwa aruke mbele za watu, utamwazima miguu?"

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Siku yenyewe haikuchelewa. Shabani alifungua duka jingine Njombe mjini, akamtangaza Beni kwamba ataruka ngazi za mbele ya duka. Nikaenda. Nikamkuta rafiki yangu amesimama juu kabisa, midomo imemkauka, umati unamshangilia. Alikuwa tayari kuvunjika shingo kwa ajili ya uongo wetu. Nikapanda, nikaukamata ubao wake, nikasema kwa sauti, "Mzee Shabani, yule wa kwenye video ni mimi."

Shabani akanitazama kwa hasira, akasema, "Haya, ruka tukuone."

Sikuwa na koti wala kofia. Nikaruka, nikaanguka puu! Simu zote juu, watu wanavunjika mbavu, na Beni naye akacheka huku machozi yanamtoka. Nikainuka, goti linavuja damu, nikarudi juu, nikaruka tena. Safari hii nikatua.

Dar hakwenda mtu. Shabani alisema tumemchezea akili, na alikuwa na haki. Kilichosambaa mtandaoni ni lile anguko, wala si kule kutua, na watu wakaanza kuniulizia kwa jina langu. Tangu hapo Beni alinirekodi mimi nikiwa mimi, na wadhamini waliokuja baadaye walituchukua wote wawili, mrukaji na msemaji.

Kwa hiyo mwanangu, usiidharau simu. Anayekupa viatu anataka vionekane, huo ni mkataba wa haki kabisa. Jionyeshe, na ukianguka onyesha pia. Ila usiuze mruko wako kwa sura ya mtu, wala usivae sifa ya miguu isiyo yako. Kabla hujarusha video, jiulize kama kesho wakija mlangoni utaweza kuirudia.

Nenda kafanye mazoezi sasa. Mungu akutunze, akupe watazamaji wengi, na siku watakapokuja kukuona kwa macho yao, wakukute ni wewe.