Roketi Kwenye Malisho ya Abti

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na hakuna kitu kinachozipandisha kama mtu kuniuliza roketi yangu itabeba nani. Haibebi mtu. Ni bomba la karatasi ngumu, urefu wake kama mkono wangu, lina mabawa ya mbao nyepesi na injini ndogo ya dukani ninayoagiza Nairobi. Inapaa, inatoa mwavuli wa kitambaa, inashuka. Niliyaeleza haya kituo cha polisi nilipokwenda kuomba ruhusa, nikamweleza chifu, nikamweleza mke wangu. Wote walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza itabeba nani.

Kutwa nzima niko ofisini hapa Garissa, nagonga mihuri kwenye vibali vya kusafirisha mifugo. Sina ugomvi na kazi, inalisha watoto. Lakini roketi ilikuwa kitu changu peke yangu, na sikuwa na mahali pa kuirushia. Kwetu mtaa wa Waberi nyumba zimebanana, bati kwa bati. Wenye mashamba kando ya mto Tana walinifukuza hata sijamaliza salamu. Akabaki abti, kaka yake marehemu mama, ambaye ngamia wake wanalisha kwenye uwanda mkavu nje ya mji, upande wa barabara ya Dadaab. Sisi mjomba na mpwa tunaitana abti, yeye kwangu na mimi kwake, na ni vigumu abti kukunyima kitu. Akasema nirushe.

Sasa, maelezo niliyoyasoma kwenye simu yalisema mwavuli utengenezwe kwa mfuko wa plastiki. Walioandika hawajui kwamba huku kwetu mfuko wa plastiki umepigwa marufuku na kuupata ni shughuli. Nilizunguka soko zima nikinong'ona kama muuza bangi. Mwishowe nikaupata mmoja mkuukuu chini ya godoro letu, mke wangu ameuhifadhia vyeti vya watoto. Nikaukata, nikaukunja, nikaushindilia ndani ya bomba, na roketi ikakaa juani tangu asubuhi mpaka nilipofika kwa abti.

Jua la Garissa mnalijua. Roketi ilipaa vizuri, ikafika juu, ikakohoa, na badala ya mwavuli kikatoka kidonge cha plastiki iliyogandamana. Ikageuza kichwa ikaja chini moja kwa moja, ikatoboa jerikeni la manjano lililojaa maziwa ya ngamia, limewekwa kando ya njia kungoja bodaboda wa mjini. Maziwa yote yakaingia mchangani. Abti, ambaye anaweza kumgombeza mbuzi kutwa, aliangalia jerikeni, akaniangalia mimi, akainama kuokota kifuniko. Wallahi ningependa anitukane.

Baadaye tukinywa chai akanipa sharti. Alikuwa na ngamia jike mwenye mimba kubwa, anayempenda kuliko sisi sote tuliozaliwa na dada zake, na ngamia wa namna hiyo akishtuka anaweza kuharibu mimba. "Ikishuka tena namna ile, au ikitawanya ngamia wangu, basi, abti," alisema. "Utatafuta uwanda mwingine." Uwanda mwingine haukuwepo, naye alijua.

Nikarudi kwa mke wangu kwa unyenyekevu. Baada ya kunisema kuhusu vyeti, alinipa dirac yake ya zamani, lile gauni pana la kitambaa laini kinachoonyesha mpaka kivuli. Ni jepesi ajabu. Nikakata duara kubwa, nikafunga nyuzi pembeni, nikapaka poda ya mtoto kisigandamane, na kati yake na injini nikaweka karatasi isiyoshika moto. Safari hii mwavuli ulifunguka wote, mwekundu, mbinguni, nami nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Tatizo ni kwamba ulikataa kushuka. Upepo uliuchukua ukaenda nao, nami nikarukia bodaboda nikaufuata vichakani, miiba ikinichana shati.

Niliukuta kwenye bwawa la kunyweshea mifugo. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuufungua nyuzi na kujitanda kichwani, na kusema kweli ulimpendeza. Nilimweleza kwa upole, halafu bila upole, kwamba kitambaa ni changu. Akanijibu kwamba tangu Ramadhani alikuwa anamwomba Mungu mtandio, na huu ulishuka kutoka juu mbele ya macho yake, kwa hiyo kama nina malalamiko napajua pa kuyapeleka. Bomba alinirudishia, tena amelipangusa vumbi.

Abti aliposikia hakucheka. Alisema ngamia hawakushtuka, sawa, lakini hawezi kukaa na majirani wanaonyeshewa mvua ya nguo na mpwa wake. Akanipa nafasi moja tu, ya mwisho.

Nilikaa na kile kipande cha dirac kilichobaki, nikiwaza. Mwavuli ukiwa mkubwa unasafiri, ukiwa mdogo unaanguka. Nikashona mdogo kiasi, halafu nikatoboa tundu katikati ili hewa ipite na ushuke wima bila kuyumba. Kutoboa nguo nzima kuliniuma. Nikaujaribu juu ya paa nikiwa nimeufungia kopo la nyanya, watoto wa mtaa wakishangilia kila kopo likitua.

Siku yenyewe abti alikuwa amempeleka yule ngamia wake mbali na kumfunga. Akaniuliza kile kisanduku chenye kitufe, kilichounganishwa na roketi kwa waya, kinafanya nini, nikampa akishike aone. Nilipoinama kurekebisha waya, nikasikia mfyatuko. Abti alikuwa amebonyeza.

Nilianguka kwa makalio. Roketi ikapotea juu, halafu pakawa kimya. Nikaona ua jekundu likifunguka, likashuka wima, taratibu, juu yetu kabisa. Ngamia waliendelea kula. Na abti, mzee ambaye sijawahi kumwona akiharakia hata mvua, alishika macawis yake, ile shuka ya kiunoni, kwa mkono mmoja akakimbia. Aliipokea roketi kifuani kabla haijagusa mchanga, akasimama akihema, akiipangusa kwa shali yake.

"Uwanda ni wako, abti," akaniambia. "Lakini kitufe ni changu."

Nilidhani ananitania. Sasa kila Ijumaa baada ya swala anakaa kwenye kiti na kile kisanduku mapajani, amezungukwa na wazee wenzake, akiwaeleza habari za tundu na upepo kana kwamba alilitoboa yeye. Mimi niko upande wa pili nimepiga magoti, napaka poda. Juzi nilimwomba nibonyeze mara moja tu. Akaniambia nikunje kitambaa vizuri kwanza, halafu tutaona.